KINASA SAFARI KISOMWE KABLA YA MATANGA

Ndugu Wafanyakazi,

Sisi watu wa Mtongwe hatuna haja ya kufunzwa jinsi chombo kinavyolala upande. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, watu walipanda feri hapa kwetu kwenda kisiwani kutafuta riziki. Feri ile ilikuwa ya watu 300. Siku ile ilichukua kama 400. Haikufika mbali. Ilipinduka mita kama 40 tu kutoka pwani, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wafanyakazi kama wewe na mimi, watu wanaoikimbilia saa ya kuingia kazini.

Baada ya msiba maswali yalikuwa mengi. Waliopanda walikuwa wangapi? Nani aliwaruhusu? Kwa nini wote walisongamana upande mmoja? Maswali hayo ni ya haki, lakini yaliulizwa wakati maiti wamekwisha kulazwa mchangani. Mimi nauliza swali jingine. Asubuhi ya Alhamisi, siku moja kabla, feri ilijaa kiasi gani? Na Jumatano? Na mwezi mzima uliotangulia? Ni nani aliyekuwa na kazi ya kuandika, kila safari, chombo kimelala kiasi gani, na ni nani aliyekuwa na kazi ya kuyasoma maandishi hayo na kusema, "Jamani, hapa tunakwenda mrama"?

Nawaomba mlishike swali hilo mkononi, maana leo nataka kusema habari ya ndege.

Mtasema, sisi ni watu wa bandari, wa feri na wa malori, ndege zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Uwanja wa ndege wa Moi uko ng'ambo tu ya maji, upande wa Port Reitz. Ndugu zetu ndio wanaotia mafuta, wanaopakia mizigo, wanaofagia ndani, wanaofungua injini usiku wakati wageni wamelala hotelini. Na tarehe 28 Oktoba 2025 msiba ulitufika upande wetu huu wa bara ya kusini. Ndege ndogo aina ya Caravan ilitoka uwanja wa Ukunda kwenda Kichwa Tembo, Maasai Mara, ikaanguka Kwale. Watu 11 walikuwemo, wageni kumi na rubani wao Mkenya, na wote walikufa.

Sisemi kosa lilikuwa la nani. Hiyo ni kazi ya wachunguzi, na mtu asiyejua heri anyamaze. Lakini nasema hivi: ndege za namna hiyo, ndege za kukodi, ndege za makampuni na za mabwana wakubwa, zinazoruka kutoka Wilson, Ukunda, Malindi na Manda, ziko nyuma sana katika jambo moja ambalo mashirika makubwa ya ndege yamekwisha kulijua. Jambo hilo ni kusoma habari za kila safari kabla ajali haijatokea.

KINASA SAFARI NI KITU GANI?

Wengi hukiita kisanduku cheusi, ingawa rangi yake ni ya machungwa ili kionekane upesi katika mabaki. Ndani yake mna kumbukumbu ya safari: mwendo wa ndege, urefu wake kutoka chini, upande inakoelekea, imelala kiasi gani, injini zinafanya nini, usukani umevutwa au umesukumwa. Kingine hunasa sauti za marubani. Meli kubwa zinazoingia Kilindini zina chao pia. Sheria ya kimataifa huzilazimisha meli za abiria na meli kubwa za mizigo zilizojengwa tangu Julai 2002.

Kazi ya kwanza ya kisanduku hiki ni ya matanga. Ndege ikianguka, kinatafutwa, kinafunguliwa, wachunguzi wanasoma. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, ilianguka Douala, Cameroon, punde tu baada ya kuruka usiku, na watu wote 114 wakafa. Kinasa kilipofunguliwa kilieleza kwamba ndege ilianza kuinamia upande wa kulia kidogo kidogo gizani, na kwa muda mrefu hakuna mkono uliouinua, kwani rubani mkuu aliamini kwamba mtambo wa kujiendesha umekwisha kushika usukani. Haukuwa umeshika. Soma tena maneno hayo, ewe mtu wa Mtongwe: chombo kililala upande kidogo kidogo, na mwenye kukiinua alidhani kinajiendesha.

Lakini iko kazi ya pili, nayo ndiyo inayonifanya niandike. Habari zile zile hunakiliwa katika kadi ndogo ambayo fundi huitoa baada ya safari, ndege ikiwa nzima, rubani akiwa hai, chai yake ikiwa bado moto. Habari za safari mia, za safari elfu, zinatiwa katika kompyuta na kupambanuliwa. Ndege gani ilishuka kwa kasi mno? Uwanja gani ndege nyingi hufika zikiwa juu kupita kiasi? Nani alitua kwa kishindo na hakuandika kitabuni?

Hilo la kishindo litazameni kwa jicho la fundi. Ndege ikipiga chini kwa nguvu na rubani akanyamaza kwa hofu ya kuulizwa, fundi hana habari. Asubuhi ndege inapewa rubani mwingine, na ufa ulio katika mguu wake unasafiri nao. Kadi ikisomwa jioni ile ile, fundi anaambiwa, anainama na taa yake, anatazama mguu kabla ndege haijaruka tena. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usiouona utauzibaje?

KISA CHA BEDFORD

Sikilizeni kisa kimoja cha ndege za mabwana. Tarehe 31 Mei 2014, usiku, ndege aina ya Gulfstream IV ilikuwa ikiondoka Bedford, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ilikuwa ndege ya tajiri, na marubani wake wawili walikuwa wazoefu waliofanya kazi pamoja miaka mingi. Ndege hiyo, kama nyingine, ina kufuli la usukani ambalo hufungwa ikiwa imeegeshwa ili upepo usipigepige mbawa zake na mkia. Kabla ya kuwasha injini kufuli hufunguliwa. Kisha, kabla ya kuruka, rubani huuzungusha usukani mpaka mwisho, pande zote, kuona kwamba uko huru. Ni kazi ya sekunde chache.

Usiku ule kufuli halikufunguliwa, wala usukani haukujaribiwa. Ndege ilikimbia barabarani, ikakataa kuinuka, ikapita mwisho wa uwanja, ikaingia bondeni na kuwaka moto. Watu saba walikufa: marubani wawili, mhudumu mmoja na abiria wanne.

Wachunguzi wa Marekani walipoisoma kumbukumbu ya ndege hiyo walikuta jambo zito. Katika safari 175 zilizotangulia, marubani wale hawakuujaribu usukani kikamilifu katika asilimia 98. Fikirini, ndugu. Si safari moja, si kumi. Kila siku kadi iliandika, "Leo pia hawakujaribu." Iliandika mara mia na zaidi. Ushahidi ulikuwamo ndani ya ndege yenyewe, umbali wa hatua chache kutoka kiti cha rubani, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuusoma. Ukasomwa wakati wa matanga.

Tena msikimbilie kuwalaani marehemu. Baada ya ajali hiyo chama cha wenye ndege za makampuni cha Marekani kilikusanya habari za safari karibu 144,000, bila kutaja majina. Ikaonekana kwamba katika kila safari 100, takriban 18 zilikuwa za watu wasioujaribu usukani kikamilifu au wasioujaribu kabisa. Basi ugonjwa haukuwa wa wawili wale. Yalikuwa mazoea ya kazi, kama yale tunayoyajua sote: leo umeacha kofia ya chuma kwa sababu ya joto, kesho umeacha tena, na mwezi wa tatu hukumbuki kwamba kuna kofia. Mwenye mazoea hajioni. Ndiyo maana anahitaji kioo.

TAJIRI ANASEMAJE?

Sheria ya kimataifa, tangu tarehe 1 Januari 2005, inayataka mashirika yenye ndege za uzito wa zaidi ya kilo 27,000 yawe na mpango wa kusoma habari za safari zao. Hao ndio wakubwa. Ndege ya kukodi ya watu kumi na wawili haifikii hata robo ya uzito huo. Tena nyingi zilizo chini ya kilo 5,700, kama Caravan zetu, hazikulazimishwa hata kubeba kinasa chenyewe. Kwa hiyo roho ya abiria imepimwa kwa mizani ya ndege aliyopanda. Ukipanda kubwa, safari yako inasomwa. Ukipanda ndogo, safari yako yapotea mawinguni.

Mwenye ndege ndogo atasema, "Mimi si shirika kubwa. Sina fedha za mitambo." Maneno hayo yalikuwa na uzito zamani. Leo vipo vinasa vyepesi vilivyotengenezwa kwa ajili ya ndege ndogo. Tena Caravan nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2008 zina vioo vya Garmin G1000, na mtambo huo unaweza kuandika habari za safari na za injini katika kadi ndogo, kama kadi ya simu. Fedha ya kadi si sababu ya kuacha. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma na bwana mwenye nia ya kusikia. Kama yeye ana ndege mbili tu, na ajiunge na wenzake wenye ndege mbili mbili, waajiri msomaji mmoja kwa pamoja. Kwa kupanga bei za wageni wanajua kukaa meza moja. Wakae pia kwa jambo hili.

Atasema tena, "Marubani wangu ni wazoefu." Wa Bedford pia walikuwa wazoefu.

NDUGU ZETU WANASEMAJE?

Sasa nageuka kwa wenzangu, maana si tajiri peke yake anayekataa. Wapo ndugu katika vyama vyetu wanaosema, "Hicho kisanduku ni jasusi. Tukikikubali tumemwalika mnyapara akae ndani ya mifuko yetu." Nawaelewa. Hofu hiyo si ya leo. David Warren wa Australia, ambaye baba yake alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1934, alibuni kinasa sauti cha marubani katika miaka ya 1950, baada ya ndege za Comet kuanguka na watu kushindwa kujua sababu. Marubani wa nchi yake mwenyewe, kwa chama chao, walikipinga kwa nguvu. Waliona ni sikio la tajiri. Kisha tarehe 10 Juni 1960 ndege ya Fokker ilianguka baharini karibu na Mackay, Australia, watu 29 wakafa, na sababu haikujulikana kwa hakika. Ndipo Australia ikashika njia ya kukilazimisha.

Mimi nasema marubani wale walikosea kukataa, lakini hawakukosea kuogopa. Nina rafiki, dereva wa lori, na tajiri wake sitamtaja. Lori lake lilitiwa traka. Usiku mmoja akitoka Nairobi na kontena, usingizi ulimshika Mtito Andei. Akafanya kama inavyompasa mtu mwenye akili: akaweka lori kando, akalala dakika arobaini, akanawa uso, akaendelea. Mwisho wa mwezi mshahara wake ulikatwa, na barua ikaandikwa kwamba amesimama mahali pasiporuhusiwa. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Safari ya pili usingizi ulimshika pale pale. Hakusimama. Alifika Mombasa, lakini aliniambia kwa mdomo wake kwamba hakumbuki kupita Maungu wala Taru. Na traka iliiandika safari ile kuwa safari njema.

Hapo ndipo penye fundo la maneno yangu. Traka ilisema kweli: lori lilisimama. Lakini ilijua nusu tu ya kweli. Nusu ya pili ilikuwa kwa dereva, naye hakuulizwa. Mashine ikipewa kiboko, mfanyakazi hujifunza kuipendeza mashine, na hatari inajificha nyuma ya maandishi mazuri. Tuliyaona kwa vidhibiti mwendo vya matatu, vilivyolazimishwa mwaka 2004 wakati wa Waziri Michuki. Kilikuwa kitu chema, lakini kililetwa kama askari, na wako waliotafuta upesi njia ya kukichezea. Mpeni rubani kinasa chenye kiboko, naye atatafuta waya wa kukata. Mpeni fundi, naye atajifunza kutoandika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yeye aliyemfanya mgonjwa aogope daktari ana dhambi kubwa zaidi.

UFUNGUO UKAE KWA NANI?

Je, iko njia? Iko, na imekwisha kujaribiwa na wafanyakazi wenzetu. Katika mashirika makubwa ya Marekani, tangu miaka ya 1990, mpango wa kusoma habari za safari ulifanywa kwa mapatano kati ya shirika na chama cha marubani. Kompyuta inaonyesha kwamba ndege fulani ilishuka vibaya. Haionyeshi jina. Jina limefungiwa, na ufunguo anao mtu mmoja aliyeaminiwa, mara nyingi rubani wa chama. Yeye humpigia mwenzake simu, humwuliza, "Ndugu, siku ile palikuwa na nini?" Huenda jibu likawa upepo. Huenda likawa ni mwongoza ndege aliyemchelewesha juu. Huenda ikawa ni uchovu, zamu ya sita kwa siku moja. Jibu linarudi ofisini bila jina, na linakuwa fundisho kwa wote. Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliandika kanuni kwamba habari za mpango huo hazitatumiwa kumshitaki rubani wala kampuni, isipokuwa kwa jinai au tendo la kusudi.

Na kanuni ya kimataifa ya ndege kubwa, ile ile niliyoitaja, inataka mpango huu usiwe wa kuadhibu, na wale ambao habari zimetoka kwao walindwe vya kutosha. Basi mwajiri akikwambia kwamba kiboko ni sehemu ya usalama, mwambie akasome kwanza.

Sisemi mlevi aachwe. Rubani aliyelewa, fundi aliyetia sahihi kazi ambayo hakuifanya akijua, mtu aliyeharibu kwa makusudi, huyo sheria imshike. Chama si pango la wahalifu. Lakini kosa la mtu aliyechoka, aliyeharakishwa, aliyefundishwa nusu, hilo ni kosa la kutibiwa.

Tena nasema jambo ambalo mabwana hawapendi kulisikia. Kinasa kinaona mkono wa rubani, hakioni mdomo wa tajiri. Hakimwoni meneja aliyesema, "Ruka tu, wageni wameshalipa." Hakioni orodha ya zamu, wala mizani ya mizigo, wala kasoro ambayo fundi aliiandika Jumatatu ikaahirishwa mpaka Ijumaa. Kwa hiyo twataka karatasi za ofisini zisomwe pamoja na kadi ya ndege, ubavu kwa ubavu. Ndege ikishuka vibaya saa kumi jioni, itazamwe rubani yule aliamka saa ngapi na nani alimpangia. Taa ikimulikwa, imulike chumba chote.

TWATAKA NINI?

Napendekeza kwa wanachama, na kwa vyama ndugu vya marubani na wafanyakazi wa viwanja vya ndege, tudai mambo haya kwa sauti moja mbele ya waajiri na mbele ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya:

1. Kila ndege inayochukua abiria kwa malipo, hata iwe chini ya kilo 5,700, iwe na kinasa safari chepesi. Roho zote zipimwe kwa mizani moja.

2. Habari zisomwe mara kwa mara, safari zikiwa salama, na mtu anayejua kuzisoma. Kampuni ndogo zishirikiane.

3. Majina yafungiwe, na ufunguo uwe kwa mtu aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Habari isitoke kwenda kwa meneja kabla mwenyewe hajaulizwa.

4. Mtu asifukuzwe, asikatwe mshahara wala asiandikiwe barua kwa sababu ya kadi, isipokuwa kwa tendo la kusudi, ulevi au jinai.

5. Saa za kazi, uzito wa mizigo na kasoro zilizoahirishwa zisomwe pamoja na kadi.

6. Kila mwezi yaliyojifunzwa yabandikwe ukutani, mahali ambapo rubani, fundi, mpakiaji na mfagiaji wote wanapita. Elimu inayobaki kabatini ni sawa na kadi isiyosomwa.

Na la saba ni letu wenyewe wa Mtongwe na Likoni. Haya tunayodai kwa ndege tuyadai pia kwa feri. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka MV Harambee pale Likoni, likazama na mama na binti yake, na karibu wiki mbili zikapita kabla hawajaopolewa. Feri ya kuvuka mlango wa bandari si meli ya safari za nje. Sheria ile ya vinasa vya meli haiihusu. Lakini maji ni yale yale. Chombo kipimwe kila safari: watu wangapi, magari mangapi, mlango umeinuliwa au umeachwa chini, kimelala kiasi gani. Na mfanyakazi wa feri atakayesema "leo kimezidi" asiitwe mkorofi. Yeye ndiye kinasa cha kwanza, nacho kina macho na ulimi.

Ndugu Wafanyakazi, sisi hatukuwa na namna ya kuisoma asubuhi ya Alhamisi ile ya mwaka 1994. Leo namna iko. Wakati wengine wanabishana kama kadi ni jasusi au ni gharama, ndege zinaendelea kuruka juu ya mapaa yetu, na kila moja inaandika habari zake au haiandiki. Mkutano wa tawi ujao nitalileta jambo hili lipigiwe kura. Njooni. Mwenye hofu aje na hofu yake aiseme, mwenye kupinga aje apinge mbele ya watu. Lakini asije mtu baada ya msiba kutuambia kwamba alikuwa akijua.

Umoja ni nguvu.

Mfanyakazi wa Mtongwe